Avoka Isiyoonjwa

Utotoni wazo moja lilininyima usingizi: Tonton, mdogo wa baba yangu, na mkewe Tantine walikuwa wakipuliza kitu kwenye miti yao ya avoka, huku sokoni Kadutu, mjini Bukavu, wakiapa kwamba matunda yao hayana dawa. Juzi nilinusa harufu ya kitu kile kwa jirani anayefuga sungura, nikaikumbuka alasiri moja shambani kwao.

Nilijificha nyuma ya banda. Tonton alikuwa akitia kwenye bomba la kupulizia dawa maji ya rangi ya chai, yenye harufu ya choo na pilipili iliyoniwasha macho.

“Mududu yenye itaonja hii itajuta,” alisema, yeye na Tantine wakacheka.

Leo, baada ya kusomea kilimo, najua ulikuwa mkojo wa sungura uliochachushwa pamoja na pilipili, wa kufukuza wadudu tu. Siku ile niliona sumu.

Baadaye Tantine alitupasulia avoka, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu. Kwetu Bukavu anayekupa chakula huonja kwanza, ili usimshuku kwamba ametia sumu. Yeye hakuonja.

“Tantine, onja kwanza.”

“Wee mutoto, unaniona mulozi?”

“Onja tu,” Tonton alicheka. “Huyu iko mutoto wa Bukavu kabisa.”

Aliuma nusu yangu, akatafuna polepole akinitazama. Nilisubiri aanguke. Hakuanguka. Lakini labda sumu ilikuwa kwenye nusu ile nyingine, na mdogo wangu alishaifikisha mdomoni.

Nikamnyang’anya, nikaiuma mimi kwanza.