Oili ya Bibi Ndeshi

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza tena. Sijisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki. Nimeuza oili Kwa Mrombo tangu duka langu likiwa kibanda cha mbao, na leo lina milango mitatu na bango unaloliona kabla hujaliona duka lenyewe. Nimeona mtu akitia mafuta ya kupikia kwenye injini. Nimeona kijana wa toyo, ndivyo tunavyowaita bodaboda huku Arusha, akinibishia kwamba pikipiki ikilia vizuri haina haja ya kubadilishwa oili. Shule niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa, lakini wenye vyeti vyao wanakuja kuniuliza watie ipi, nami nawajibu huku naendelea kula mahindi.

Lakini iko harufu moja inayoninyamazisha. Ni ya oili ya giaboksi, ile nzito ya matrekta na malori. Ukifungua kopo lake inakupiga puani kama yai viza lililomwagika kwenye kikaango cha moto. Juzi mteja mmoja alilifungua pale kaunta ili alinuse, nikajikuta nimesimama na chenji yake mkononi, nimeduwaa. Sikuwa tena mfanyabiashara mwenye kitambi. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, peku, kwenye ua wetu juu ya Maji ya Chai, kule migomba inakoishia na msitu wa Mlima Meru unakoanza.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Usharika wetu ulikuwa na vituo vya ibada vilivyotawanyika kwenye mabonde, na kwa miaka mingi alivifikia kwa miguu, viatu begani mvua ikinyesha. Ndipo Wakristo wakachanga kwa ndizi, kwa kahawa, kwa mayai, wakamnunulia pikipiki. Haikuwa mpya, lakini kwetu ilikuwa mpya kuliko jua la asubuhi. Siku ya kukabidhiwa, mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema mbele ya watu wote, "Mwinjilisti, hii ni jasho la wajane na watoto. Ikifa hii, hatununui nyingine. Utarudi kwenye miguu yako." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa anaifuta kwa kitambaa kabla hajanawa uso, na mama alisema laiti pikipiki hiyo angekuwa yeye, ili naye afutwe hivyo.

Mimi shuleni nilitamba vibaya sana. Nikikaa juu ya tenki, mbele ya baba, nilikuwa siwasalimii hata wenzangu wa darasa moja.

Sasa, kwetu kanisani sadaka si pesa tu. Mtu huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, kuku, mua, maziwa kwenye kibuyu. Ibada ikiisha watu hutoka nje na vitu hivyo hupigwa mnada, pesa zinaingia kanisani. Sikukuu ya Mavuno ya mwaka ule, dereva wa trekta wa shamba la kahawa kule chini, bwana mmoja aliyeitwa Zakaria, alileta kopo la oili alilopewa na tajiri wake kama asante ya msimu. Hakuwa na shamba wala kuku. Alileta alichonacho.

Kopo lilipoinuliwa watu walishangilia, kwa kuwa wakati ule oili ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Mzee wa kanisa aliyenadi akachovya kijiti ndani, akakiinua juu. Oili ikashuka polepole, uzi mmoja mrefu wa dhahabu, haukatiki. Pale ndipo kosa lilipozaliwa, na kosa lenyewe ni la watu wa asali. Kwetu asali nyepesi ni asali iliyotiwa maji, ya mwizi. Nzito ndiyo ya kweli. Uji mwepesi ni wa mgonjwa, mtori mwepesi ni wa bibi harusi mvivu. Basi watu wote wakaguna kwa pamoja, "Hii imeshiba!"

Akasimama Bibi Ndeshi.

Bibi Ndeshi alikuwa mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji wetu. Alikuwa mdogo kama mtoto, anaishi kwa mayai ya kuku wake wachache, na kwenye mnada hakuwahi kufungua mdomo hata siku moja. Alisimama na fundo la kanga mkononi akasema bei. Mlanguzi mmoja wa kahawa akampandia. Bibi akaongeza. Yule mlanguzi akataka kupanda tena, mke wake akamvuta koti. Kopo likaangukia kwa bibi, na watu walipiga vigelegele kama kwenye arusi. Akalibeba kifuani mpaka kwa baba, akasema, "Mwinjilisti, nami safari hii naipeleka Injili mlimani."

Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani kutazama pikipiki ikinywa. Ndivyo alivyosema, "Nimekuja kuiona ikinywa." Mama akamtolea kigoda. Baba alikuwa ameshamwaga oili ya zamani kwenye karai. Akafungua kopo, na ile harufu ikajaa uani, kuku wakasogea. Baba akanusa. Akatazama ndani ya kopo, akamtazama Bibi Ndeshi aliyekaa na mikono magotini kama mtu anayesubiri ubatizo wa mjukuu. Akafumba macho kidogo. Nikadhani anaomba. Kisha akamimina, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Imeingia?" bibi akauliza.

"Imeingia, Bibi. Imo yote."

Mambo yakaharibika siku ileile. Asubuhi za kwetu ni za baridi, na oili ile ikiwa baridi ilikuwa kama gundi. Baba alipiga kiki mpaka shati likalowa. Ilipowaka, akaielekeza kwenye kilima cha kwenda kituo cha juu, nami nimekaa juu ya tenki. Injini ikapiga kelele hasa, ikalia kama nguruwe anayekimbizwa, lakini pikipiki yenyewe haikupanda. Ilisimama palepale, halafu ikaanza kurudi nyuma kwa heshima. Wenzangu wa shule walikuwa kando ya njia. "Inaimba tu, haipandi!" wakapiga kelele. "Mwinjilisti, iombee!" Mmoja akanigeukia mimi: "We mwana wa pikipiki, shuka usukume!"

Nikashuka, nikasukuma. Sijawahi kusahau.

Kuanzia hapo mambo ya nyumbani yakawa ya ajabu. Siku za wiki baba alikwenda vituoni kwa miguu, viatu begani kama zamani, pikipiki amefunika kwa gunia. Jumapili tu aliitoa, kwa sababu kutoka kwetu kwenda kanisani ni mteremko mtupu. Iliteremka vizuri, inanguruma, watu wanapisha, na Bibi Ndeshi amekwishasimama mlangoni akiingoja. Akimwona baba tu: "Bado imo?"

"Imo, Bibi. Haijapungua."

Naye angewageukia wanawake wenzake: "Mnasikia? Inatembea kwa mayai yangu." Baada ya ibada baba angekawia, akiongea na huyu na yule, akipanga viti vilivyokwisha kupangwa, mpaka njia iwe tupu. Kisha mimi na yeye tungeisukuma kupanda mpaka nyumbani. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Nilimkasirikia baba kwa hasira ambayo mtoto hawezi kuitaja. Niliona wazi kwamba hajui mambo ya injini, kwamba pikipiki ya wajane inakufa mikononi mwake, na kwamba kila Jumapili anamdanganya kikongwe pale mlangoni pa kanisa, akiwa na kanzu ya ibada mwilini. Mara moja nilimwambia mama, akanijibu kwa methali yake aliyoipenda, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," akaendelea kumenya ndizi. Nikaona naye hajui kitu.

Bibi Ndeshi alifariki masika ya mwaka uliofuata, usingizini. Baba ndiye aliyemzika. Katika mahubiri yake makaburini alisema huyu mama aliipeleka Injili mlimani, na watu waliitikia kwa kishindo. Asubuhi baada ya mazishi nilimkuta baba uani, karai chini ya injini, ile oili nzito inatoka ikijikokota. Akatia nyingine, nyepesi, ya pikipiki. Wiki ile pikipiki ilipanda mpaka kituo cha juu kabisa bila kukohoa, nami juu ya tenki. Nikawaza moyoni, hatimaye mzee amejifunza.

Ndugu yangu, biashara yangu yote ilianzia kwenye ile aibu. Nilipomaliza shule nilishuka mjini, nikafagia gereji moja ya Kijenge, na nilichotaka kujua kuliko vyote ni kwa nini pikipiki ile iliimba haipandi. Nikajua. Kwenye pikipiki nyingi za gia, oili moja hulainisha injini, giaboksi na klachi, vyote kwa pamoja, na klachi ikipewa oili yenye utelezi wa namna isiyo yake haishiki, inazunguka bure. Siyo suala la nzito wala nyepesi tu, ni ipi iliyotengenezewa nini. Elimu hiyo nimeiuza mpaka nikajenga nyumba. Na kwangu dukani sina simile: mtu akishika isiyofaa nampigia kelele mbele za watu. "Rudisha! Hiyo siyo ya pikipiki!" Nimewaokoa wengi, na wengi hawanisalimii.

Mwaka huu nilipanda nyumbani kwa Sikukuu ya Mavuno na galoni ya oili ya pikipiki, ile nzuri ya rafu ya juu, iwe sadaka yangu. Baba yuko hai, amezeeka, macho yamechoka lakini masikio mazima. Asubuhi kabla ya ibada nilikaa naye kwenye jiko la mama tukinywa chai, nikaona ni wakati wa kumfundisha.

"Baba," nikamwambia, "ile oili ya Bibi Ndeshi ilikuwa ya giaboksi. Ndiyo maana klachi iliteleza. Laiti ningekuwa na akili hizi wakati ule, ningekuokoa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, na mimi unaniuzia? Nilijua nilipofungua kopo. Na fundi wa Tengeru alinicheka wiki ileile."

"Sasa si ungeimwaga? Usiku tu, nani angejua?"

"Kila Jumapili aliniuliza kama imo." Akapuliza chai yake. "Ningemjibu nini?"

Mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza, nikamwongezea chai kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa. Hakuwahi kudanganya. Alisukuma chuma kile mlimani miezi yote ile ili jibu lake la neno moja liwe kweli, na hakuiendesha kilimani ili isife.

Tukaenda kanisani. Kwenye mnada, kijana mmoja wa toyo alikuwa ameleta oili yake, galoni inayong'aa, na alisimama karibu nayo kifua mbele. Niliitambua kwa mbali: ya magari madogo, yenye dawa ya utelezi, sumu kwa klachi ya pikipiki. Na akina mama wa usharika wakaanza kuipandia bei ili wampe mwinjilisti wa sasa, binti anayepanda vituo vyote kwa pikipiki ya kanisa. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. "Siyo ya..." Nikamwona baba kwenye kiti chake ameinua uso kuelekea sauti yangu. Nikamwona yule kijana.

Nikataja bei.

"Heee! Tajiri wa oili ananunua oili!" akasema Mama Eliaichi, mkubwa wa akina mama. "Dukani zimekuishia?" Akapanda. Nikapanda. "Leo ng'ombe tumemfunga, jamani, mkamueni!" Kila nilipopanda walipanda, huku wanacheza. Mwisho nikaongeza mia tano tu, watu wakaanguka kwa kicheko, na mzee aliyekuwa akinadi akagonga meza. Galoni iliyofuata ilikuwa yangu, ile ya pikipiki. Akina mama waliipata kwa elfu ishirini, wakampelekea mwinjilisti kwa wimbo.

Mama Eliaichi akaniinamia sikioni. "Usikasirike, baba. Tulikuwa na hiyo elfu ishirini tu tangu mwanzo."

Yule kijana alikuja kunishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee. Utaitumia kweli?"

"Marahaba. Nitaiweka mahali pazuri," nikamjibu, na ni kweli. Iko dukani, rafu ya juu, haiuzwi, na akipita kuniuliza namwonyesha kwa kidole: imo. Ilinigharimu shilingi laki tatu, elfu kumi na saba na mia tano.