Nzilani na Mkwe wa Nyuma ya Ukuta

Nzilani wa Matinyani hakuwa mtu wa kusahau. Ukimkosea leo akakwambia si neno, ujue amekuweka mahali, na siku yako itafika. Mtu kama huyo hafai kulazwa kitandani, maana akikosa kazi ya mikono anabaki na kazi ya moyo.

Mwaka wa tisini na tatu akalazwa. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imemsumbua miaka na mikaka, ikawa anatembea akiyumba huku na huku, hata njia ya mtoni ikamshinda. Wanakanisa wakajikusanya, akapelekwa hospitali moja ya wamisheni huko mbali kwenye baridi, madaktari wakamtoa nyonga iliyoharibika wakamtia ya chuma. Akarudi nyumbani na magongo mawili na makatazo mengi kuliko aliyopewa Musa mlimani. Asikae chini. Asichuchumae. Asiiname kuokota kitu. Asipandishe mguu juu ya mwingine. Alale na mto katikati ya miguu, asigeuke bila kufikiri.

Sasa hebu nikuulize, mwanamke wa Ukambani ataishije bila kuinama? Mafiga yako chini. Kiondo husukwa miguu ikiwa imenyooshwa sakafuni. Choo nacho ni shimo. Kiberiti kikimponyoka, Nzilani alikitazama pale chini nacho kikamtazama, wakabaki hivyo mpaka mtu apite njiani aitwe. Kuku waliingia jikoni wakala pojo mbele ya macho yake, kwa raha zao, maana hata kuku hujua nani hawezi kuinuka. Wageni ndio hata usiseme. Walileta soda wakainywa wenyewe, wakaketi kitandani upande ule ule wa kidonda, wakampa pole, wakaanza kuhadithia watu waliokufa hospitalini.

Aliyemfaa alikuwa binti yake Ndinda, ambaye alikuwa ameolewa hapo hapo Matinyani na Kilonzo, fundi wa mbao mwenye karakana sokoni. Kila asubuhi Ndinda alikuja na mtoto mgongoni, akachemsha maji, akamwosha mama yake miguu na kumvisha viatu, kwa sababu miguu ya Nzilani ilikuwa imekuwa mbali na mikono yake. Ni Ndinda pia aliyeleta kiti kirefu cha mbao chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya shimo la choo, na kingine kirefu cha kukalia. Vyote viwili alivitengeneza Kilonzo. Nzilani alivipokea akasema vizuri, basi.

Ndipo akaja Kalondu, jirani.

"Mimi sipendi maneno," Kalondu akaanza, na ukisikia mtu anaanza hivyo, kaa vizuri. "Lakini huko kwa karakana ya mkweo wanakuita Bata. Ati vile unatembea. Walicheka mpaka kazi ikasimama."

"Nani alianza?"

"Sasa Nzilani, karakana ni ya nani?"

Hilo ndilo lililokuwa jibu, na Nzilani hakutaka lingine. Lilimuuma kuliko kisu cha daktari. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akitoa wimbo kina mama wakichimba matuta, akisimama mbele na jembe, wengine wote wakimfuata. Jumapili iliyofuata akiingia kanisani kwa magongo, alisikia mama mmoja wa kiti cha nyuma akimnong'oneza mwenzake neno lile lile, bata, na bega la huyo mwenzake likatikisika kwa kicheko. Nzilani aliimba nyimbo zote siku hiyo bila kusikia hata moja.

Utauliza, si angemwita Kilonzo amuulize? Wewe hujui nthoni. Nthoni ni heshima ya ukwe, na Wakamba hawaichezei. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani, hawapeani mkono, hawatajani majina. Wakikaribia kukutana njiani, mkwe anaingia kichakani mpaka mama apite. Mkwe anayeivunja hutozwa mbuzi wa kuiosha. Walokole na watu wa mjini walikuwa wameanza kuiacha, lakini Kilonzo alilelewa na nyanya yake, akaishika nthoni kama alivyoshika msumeno. Tangu amwoe Ndinda hakuwahi kumtazama Nzilani usoni, wala kusema naye neno moja.

Kwa hivyo hakuulizwa. Nzilani alikata shauri mwenyewe, asubuhi, Ndinda akiwa amepiga magoti anamfunga kamba za viatu.

"Angekuwa ni mtoto niliyemzaa," akasema, "ningemlaani kwa titi hili lililomnyonyesha, na unajua laana ya mama inavyofanya. Lakini ni mkwe. Mkwe nitamtia adabu tu, mpaka alifute neno lake kwa mdomo wake, pale pale sokoni alipolitolea."

Ndinda alifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

Hospitalini walikuwa wamemwambia Nzilani atembee kila siku, mahali palipo sawa pasipo na mawe. Njia iliyo sawa Matinyani ni moja, ile ya kwenda sokoni, na karakana ya Kilonzo iko hapo mbele, wazi kabisa. Siku ya kwanza Nzilani alikwenda bila mpango wowote, akitaka tu kupita kichwa juu. Kilonzo alikuwa anapiga randa. Alipoona magongo yanakuja, aliacha kila kitu akatoka mbio, akazunguka nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga unga, akajibanza huko.

Nzilani akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu arudi hospitalini, alisikia raha. Yaani kumbe hivi? Akainua gongo moja, akaliweka mbele taratibu. Akafikiri kidogo. Akainua la pili. Bibi harusi akiingia kanisani angemwacha nyuma, na wakati wote huo fundi alikuwa juani akipumua vumbi la unga.

Kesho yake akarudi. Kesho kutwa pia. Akaona kupita hakutoshi. Mbele ya karakana, ng'ambo ya njia, palikuwa na hoteli ya chai ya Mwangangi. Akamwambia Mwangangi daktari amemkataza viti vya chini, basi Mwangangi akapanga kreti za soda, akaweka gunia juu, na Nzilani akapanda akakaa akiielekea karakana. Akaagiza chai. Aliipuliza mpaka ikapoa, kisha akasema imepoa, apashiwe moto.

Mkwe hawezi kutoka mama mkwe akiwa pale. Madawati ya shule yalikaa bila miguu. Kitanda cha maharusi kikabaki mbao. Watu wa msiba walikuja kuagiza jeneza, wakamkuta fundi hayupo na wafanyakazi wake wakitazamana, wakaenda Kitui mjini. Nzilani aliwaona wakigeuka, akanywa chai. Siku za soko watu walikuja mapema wapate mahali pazuri pa kutazamia. Wengine waliona ni mchezo. Nzilani hakuwa anacheza. Alitaka neno lake lirudishwe, na kila akiona msumeno umelala bila mwenyewe, moyo wake ulitulia kidogo, kidogo tu, kisha ukadai zaidi.

Kila asubuhi, kabla ya hayo yote, alikaa juu ya kile kiti cha choo, kazi ya mikono ya adui yake. Kilikuwa imara, hakiyumbi, na kingo zake zilipigwa msasa zisimkwaruze. Alikikalia kwa hasira.

Mchungaji akaja kumwona. "Mama Nzilani, hayo unayofanya si ya Kristo. Mwache kijana afanye kazi."

"Mchungaji, mimi natembea," akasema Nzilani. "Daktari ameniambia nitembee. Ama mnataka nikae nyumbani nioze?"

Mchungaji akaombea nyonga, akaenda.

Mwishowe Nzilani akamtuma Mwangangi, maana hivyo ndivyo mama na mkwe huongea, kupitia mtu. "Mwambie huyo aliye nyuma ya ukuta, siku atakayosimama mbele ya watu aseme neno lile ni lake na amelifuta, mimi nitabadilisha njia."

Mwangangi akazunguka ukuta, akarudi akipangusa unga begani. "Anasema, mwambie Mwaitu, yaani mama, nimesikia."

"Na nini tena?"

"Hivyo tu. Amesikia."

Nzilani karibu aanguke kutoka kwenye kreti. Alitaka majibu, akapewa masikio. Mtu amekuita bata, amekuaibisha mbele ya kanisa zima, halafu hakubali wala hakatai, anasema amesikia. Basi atasikia vizuri. Akaanza kwenda mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula.

Hapo ndipo mambo yanapochekesha, kama una moyo wa kucheka. Wenzake waliotiwa nyonga pamoja naye walikuwa bado wanalalamika vitandani, lakini yeye mguu ulikaza, akatupa gongo moja. Aliporudi hospitalini kupimwa, mwanamke anayefundisha wagonjwa mazoezi alimtazama akienda na kurudi asiamini. "Mama, unafanyaje huko nyumbani?"

"Naenda kumsalimia mkwe wangu," akasema Nzilani.

Kisha ikafika asubuhi ambayo Ndinda alichelewa. Alichemsha maji, akamwosha mama yake miguu, akaipangusa kidole kwa kidole. Alipokuwa anamvisha kiatu akasema, bila kuinua uso, "Mwaitu, leo usiende sokoni."

"Kwa nini?"

"Kilonzo hakusema lile neno. Nililisema mimi."

Ndinda akaendelea upesi, kama mtu anayeogopa kusimama njiani. "Ni ile siku ulisimama mwenyewe mara ya kwanza. Nilitoka hapa nikawapelekea chakula karakanani. Wale wafanyakazi wakaniuliza umeamkaje, nikasema bata wangu ameanza kutembea. Nilikuwa na furaha, Mwaitu. Wakacheka, na mimi nikacheka. Kilonzo hakucheka. Aliwakemea, lakini neno lilikuwa limeshatoka nje. Uliposema utalaani kama ni mtoto wako, nilimwambia. Akasema ninyamaze. Akasema, mama yako akinichukia mimi hakuna kitakachoharibika, lakini akikulaani wewe laana itashika watoto wetu."

Nzilani alikitazama kichwa cha binti yake pale chini karibu na goti lake. Gongo lilikuwa mkononi. Laana ilimjia mpaka kwenye meno, nzima, imeiva, ikingoja tu kutamkwa. Akaimeza, na kuimeza kulimuuma. Akainuka.

"Mwaitu, ngoja. Sijamaliza."

"Umemaliza," akasema Nzilani, akatoka.

Njiani hasira ilikuwa imejaa na haina pa kwenda. Kwanza alifikiri aende kwa Kalondu amtoe pale alipo, amwonyeshe cha mtema kuni. Lakini Kalondu aliuliza karakana ni ya nani, hakusema zaidi. Aliyejibu ni Nzilani mwenyewe. Wiki zote hizo alikuwa amemchoma juani mtu aliyejiweka katikati ya mdomo wake na binti yake, na mtu huyo hakuwa na njia ya kujitetea, na yeye Nzilani alilijua hilo, na ndiyo maana alimchagua. Alijichukia hapo. Alitembea upesi, gongo likigonga barabara.

Karakana ilikuwa kimya. Amekwisha kunikimbia, akafikiri, yuko kule kule. Safari hii hakuzipanda kreti. Alikwenda karibu na ukuta wa mashine ya kusaga, akaupa mgongo, kama nthoni inavyotaka, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akitolea nyimbo kwenye matuta, na soko lote likasikia.

"Mwangangi, mwambie huyo aliye nyuma ya ukuta. Neno lile halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemkosea, na mbuzi wa kuosha nthoni nitamtoa mimi, si yeye. Arudi kazini. Sitapita hapa tena kumfukuza."

Watu waliokuwa wakicheka waliacha. Tangu lini mama mkwe akatozwa mbuzi, tena ajitoze mwenyewe? Nzilani alisimama akingoja jibu lake. Alijua litakuwa neno moja tu, nimesikia, na siku hiyo lingemtosha.

Mwangangi alikuja na birika mkononi, akionekana hajui aiweke wapi.

"Mama, hakuna mtu huko. Kilonzo ameondoka na lori la alfajiri, na randa na misumeno yote. Amepata mahali pa kazi Malili, kule mbali kwenye barabara kuu. Nilidhani Ndinda amekwambia."

Ndinda alikuwa amefika, akihema, mtoto amelala mgongoni. Nzilani hakugeuka.

"Na wewe?"

"Tunamfuata Jumamosi, Mwaitu. Mimi na watoto. Ndiyo niliyotaka kukuambia."

"Huko mmepata nyumba?"

"Tumepata."

"Ni kubwa?"

Ndinda akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Ni chumba kimoja."

Nzilani alitikisa kichwa kwamba amesikia. Chumba kimoja, na mkwe humo ndani. Huko hangeweza kwenda, hata kuwasalimia watoto.