Alama Tatu za Mwahija

Mwahija alikwisha kutia saini karatasi zake za alama, lakini mguu wake haukutulia chini ya meza. Nje wanafunzi walikuwa wanakula wali. Baada ya swala ya adhuhuri matokeo ya shindano la tovuti yangetangazwa, na timu mbili tu ndizo zingekwenda Dodoma.

Asubuhi, majaji watatu walipokuwa wanawasha kompyuta, jaji mwenzake Yassin alimchokoza kuhusu timu iliyotoka kijijini kwake. Makabila yao ni watani, na mtani hanuniwi.

"Likawage washashinda," alisema Yassin. "Mwenye kijiji kaletwa mezani. Sisi wengine tukalale."

Mama Antonia, jaji mkuu, alicheka. Mwahija, ambaye kwa haya zake hata darasani hufundisha akitazama ubao, alicheka pia, akainamia kazi.

Sasa alizitazama tena nakala zake. Tovuti ya Likawage ilieleza namna ya kufukuza tembo mashambani. Ya Rasbura, kilimo cha mwani. Zote zilijaa takwimu zisizotajwa zilikotoka. Kwa kosa hilo, Rasbura aliwakata alama mbili. Likawage, tano. Na kwenye jumla, Rasbura walikuwa wa pili, wakiwazidi Likawage, wa tatu, kwa alama mbili.

Alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Mama, naomba karatasi zangu."

"Si umeshasaini, mwanangu?"

"Nimesaini dhuluma."

Mama Antonia alizilaza karatasi za timu hizo mbili ubavu kwa ubavu, akasoma. "Ukiwarudishia Likawage hizi tatu, Rasbura wanaanguka. Unajua utasemwaje?"

"Najua. Hilo ndilo lililonifanya niwakate."

"Dada, mimi nilikuwa nakutania tu," alisema Yassin, sauti imepungua.

"Wewe huna kosa. Mwoga ni mimi."

Wenzake walikagua tovuti zote mbili upya, wakakubali. Orodha ikabandikwa: Likawage wa pili, Rasbura wa tatu.

Nurdin, mwalimu wa Rasbura, aliisoma mara mbili, kisha akaja moja kwa moja kwa Mwahija.

"Samahani, Mwalimu. Eti kwenu wapi?"

Mwahija alizitoa nakala zake mkobani.

"Likawage," alisema, akamnyooshea karatasi zote mbili. "Soma hapa, na hapa. Kosa ni lilelile."

Nurdin alizipokea, akaketi kwenye ngazi na kuanza mstari wa kwanza. Mwahija alibaki amesimama kando yake, hajui mikono aiweke wapi, akimsubiri amalize.