Simu Niliyoikataa Nikampelekea Baba

Mwenye kosa ni mimi. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta mara kadhaa, leo naiacha. Jina langu usiniulize.

Mimi ni mmoja wa wale watu wa kujua simu. Kazini kwetu hapa Nakuru hakuna aliyenunua simu bila kuniuliza, na swali langu lilikuwa moja: bootloader yake inafunguka? Yaani ule mlango wa ndani, ukifunguka unatoa mfumo wa kiwandani na kuweka unaoutaka mwenyewe. Simu isiyofunguka niliiita jela. Maringo hayo!

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikanunua simu iliyotoka ng'ambo, kioo safi, bei ya kutupa. Kufika nyumbani, wapi! Ilikuwa imefungwa na kampuni ya mtandao ya huko. Bootloader haifunguki, na laini zetu haisomi.

Fundi alihangaika nayo mpaka ikasoma laini.

"Lakini boss, hii nimeidanganya tu," akaniambia. "Usiwahi kubali update. Ukiupdate, lock inarudi na line haitashika tena."

Simu ya kudanganywa mimi ningebeba? Nilijinunulia nyingine. Ile ya jela nikaitafutia boksi jipya, nikawapelekea wazazi Molo. Eti zawadi!

Baba na mama walikuwa na kabambe moja, simu ndogo ya vitufe, betri inakaa wiki nzima. Niliichukua nikaondoka nayo, nikisema inatuaibisha. Mama alicheka, akajipangusa udongo wa viazi mikononi kabla ya kuigusa mpya.

Kuhusu update sikusema neno. Ningesemaje bila kukiri kwamba simu si mpya? Nikanywa chai, nikasifiwa.

Sasa baba yangu ni mtu wa kutii. Karatasi ikimwambia atie sahihi hapa, anatia. Asubuhi moja simu ikamwambia kuna mfumo mpya, ndiyo ile update, akabonyeza kukubali. Kabla ya saa sita mama akashikwa na pumu.

Kuna jirani mwenye pikapu upande wa pili wa bonde. Pumu ikimzidi mama, jirani huyo alikuwa akipigiwa simu anakuja mbio. Baba akapiga. Simu ikamwambia laini haitambuliki. Akaizima, akaiwasha. Akaitoa laini, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Mwishowe akaenda kwa miguu, kwenye ukungu na matope, mzee mwenye goti bovu.

Waliporudi na pikapu mama alikuwa ameshatuacha. Alikata roho akiwa peke yake kitini, mlango uko wazi.

Nilipofika, baba alinivuta kando ya boma la ng'ombe. Nilijua nimepatikana. Kumbe!

"Kijana yangu, nisamehe," akasema. "Hiyo simu yako ilikuwa mzuri. Ni mimi niliguza mahali sikufaa kuguza. Ni mimi nimemaliza mama yako."

Ukweli ulinifika kooni, nakuapia. Nikaumeza! Nikamshika bega, nikamwambia, "Usijali, Baba. Nimekusamehe."

Nilimsamehe! Mimi!

Tangu siku hiyo sina amani. Simu yangu ikileta tangazo la update, namwona baba akiipangusa ile laini kwa shati. Fundi nikimwona mjini navuka barabara, maana yeye ndiye mtu pekee anayejua nilionywa.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujatoa pesa, weka laini yako ndani ya hiyo simu na uulize wazi kama imewahi kufungwa na mtandao, na ilifunguliwaje. Ukishajua, mwambie atakayeitumia, hata kama utaaibika. Na kile ulichokikataa wewe usimfungie mzazi wako kwenye boksi jipya. Mimi niliogopa aibu ya dakika mbili, ona sasa!

Baba hashiki simu tena, hata ya jirani. Jumapili iliyopita nilikuwa Molo. Kanisani walipouliza nani ana ombi, alisimama na mkongojo wake, akaomba waumini wamwombee, yeye mwanamume aliyemuua mke wake kwa kidole. Nilikuwa nimekaa kando yake. Walipomaliza kumwombea, nikasema amina pamoja nao.