Mtindo wa Kupuliza Upande

Mume wangu ataniua kwa adabu yake. Mtu anaumwa mpaka machozi yanamlenga, ukimuuliza anakujibu kwa upole, "Naendelea vizuri, mama." Unaendeleaje vizuri na shavu limevimba? Nimeishi naye toka ujana hadi uzee na bado sijamzoea.

Wenzake wanamwita Shaba, kwa sababu ya tarumbeta. Yumo kwenye ile bendi inayokodishwa kwa harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka na mazishi ya watu waliopenda makuu. Aliingia akiwa na nywele nyeusi tii, nywele zikaisha, yeye akabaki anapuliza. Mimi ni dobi. Chumba chetu cha mbele kina meza ya kupigia pasi, kamba za nguo toka ukuta hadi ukuta, na mvuke usiokwisha. Makoti meupe ya bendi nzima hupita mikononi mwangu. Ndivyo tulivyojuana: alileta koti lenye doa, kisha akawa anasahau makusudi kuja kulichukua.

Asiyejua hudhani tarumbeta ni kazi ya mapafu. Mapafu yanatoa pumzi tu. Midomo ndiyo inayoimba, na midomo inaegemea meno ya mbele. Kwa hiyo fizi zake zilipoanza kutoa damu, na yale meno mawili ya juu yakaanza kucheza, nilimwambia aende hospitali mapema. Akasema yatakaza yenyewe. Asubuhi maji ya chumvi, jioni maji ya chumvi, katikati anajikaza kisabuni. Nikisema naambiwa napiga kelele. Basi nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu kuliko kufua mablanketi.

Sasa sikia alichofanya. Badala ya kutibiwa, akahamisha tarumbeta pembeni mwa mdomo, upande wa kulia, kwenye meno ambayo bado yana nguvu. Kichwa akakiinamisha, bega akalipandisha, shavu moja limejaa, la pili limelala. Alikuwa anakwepa maumivu, basi. Lakini vijana wa bendi wakaona hapo pana ufundi. Mmoja akamwiga, na mwenzake akafuata, mwishowe mstari mzima wa mbele ukawa unapuliza umepinda. Meno wanayo yote, meupe, yamepangana vizuri, na wanayakwepa! Kiongozi wa bendi akavimba kichwa, akatangaza kwamba huo ndio mtindo wetu, hauigwi na mtu. Nilicheka mpaka nikaunguza kola ya koti. Halafu nikakasirika, maana mwenye mtindo alikuwa amelala chumba cha pili, kitambaa cha maji moto shavuni, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nikamburuta hospitali ya serikali. Benchi la chumba cha meno limejaa wazee watupu, kila mtu kashika shavu lake kama kawekewa rehani. Ndani kuna kiti kimoja. Daktari ni binti mdogo, mpole, macho yamechoka. Alimgusagusa meno, akaniambia mimi, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anajitia hamnazo.

"Haya yanaweza kuokolewa, mama. Asafishwe chini ya fizi, yafungwe pamoja mpaka yakaze. Ila mashine yetu ni mbovu siku nyingi, na kadi ya wazee inalipia kung'oa tu."

Nikamuuliza, na kama angekuwa si mzee? Akasema watu walio kazini wana bima nyingine, hiyo inalipia kila kitu. Nikamwambia huyu yuko kazini, Jumamosi ana harusi, koti lake liko kwenye kamba yangu sasa hivi. Binti akainamisha macho. Kosa halikuwa lake, lakini nilikuwa nimewaka na aliyekuwa mbele yangu ni yeye. Mume wangu akashuka kwenye kiti, akamshukuru, akamwambia taratibu:

"Mdomo huu ndio kazi yangu, daktari. Ukiyang'oa haya, umenifukuza kazi."

Tukarudi na meno yake yakicheza mdomoni. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Mguu wa mzee ukiuma wanaupaka dawa, hawaukati. Jicho likiuma wanaliwekea matone. Jino likiuma, ng'oa, eti si ameshakula vya kutosha. Mume wangu akaniomba nipunguze sauti, watu wanatuangalia. Nikamwambia waangalie.

Haikupita muda mrefu bendi ikakodishwa na kliniki ya meno. Ilikuwa inafunguliwa kule kwenye mitaa yenye miti na mageti, jengo la vioo, maputo mlangoni. Nilikwenda na makoti mkononi kwa sababu vijana wakiyabeba wenyewe yanafika yamekunjamana. Nikasimama pembeni kabisa, nikamwona mume wangu anapuliza kwenye ngazi za mahali penye kila dawa anayoihitaji, tarumbeta imeegemea upande, jasho linamtoka. Nyuma ya kioo naona viti vya kulaza wagonjwa, vipya, bado vina nailoni. Mwenye kliniki, naye daktari wa meno, akatoka kuhutubia. Mtu wa rika la mume wangu, pengine hata kamzidi, na meno yote mdomoni. Akasema tabasamu ni haki ya kila mtu. Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, mjinga mimi.

Baada ya hotuba akaja kumshika mkono mume wangu, akausifia ule mtindo wa kupuliza upande. Mume wangu akaanza kushukuru, kama kawaida yake. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Si mtindo, daktari," nikamwambia. "Ni jino."

Lakini sitamdhulumu: alimfungua mdomo palepale, akamulika kwa simu, akatazama vizuri. Akasema bado yanaokoleka, ila yasicheleweshwe, aje Jumatatu. Mume wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu zamani zile za doa la koti. Usiku ule alikula chakula chake chote, akitafuna upande upande, na mimi nikampigia pasi shati la Jumatatu kabla hata haijafika Jumapili.

Jumatatu tukafika mapema. Msichana wa mapokezi akaipokea kadi ya wazee, akaigeuza huku na huku, akasema hii hawaitumii hapa. Nikamweleza kuwa daktari mwenyewe ndiye aliyesema tuje. Daktari amesafiri. Amewaachia ujumbe? Hapana, hakuna ujumbe. Basi tutamsubiri. Haijulikani atarudi lini. Alisema yote hayo anatabasamu, sina hakika kama walimfundisha au ndivyo alivyo. Mwisho akaingiza mkono chini ya meza, akatoa mfuko wenye picha ya jengo lao, ndani una mswaki na dawa ya meno, zawadi ya ufunguzi. Mume wangu akaupokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Jamani, akashukuru! Nilimgombeza kuanzia mlangoni mpaka nyumbani, maskini, na hakuwa amekosa lolote.

Jino halikungoja safari ya mtu iishe. Likatunga usaha, uso ukavimba, homa ikampanda mpaka akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Tukarudi kwenye benchi letu. Binti daktari alipomwona aliandaa sindano ya ganzi. Akayang'oa yote mawili. Mume wangu alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na yalipotoka aliniachia polepole. Nikauliza habari ya meno ya bandia. Kadi hailipii.

Kidonda kilipopona alifunga mlango wa chumba, akatoa tarumbeta kwenye sanduku lake. Mimi niko kwenye pasi, nasikia. Alijaribu katikati, ukatoka upepo. Akajaribu upande wa kulia, ukatoka upepo, na tone la sauti kama mlango unaolia. Akajaribu tena na tena. Kisha nikasikia sanduku linafungwa, akatoka, akauliza kama chai ipo. Nikasema ipo. Nililia mbele yake na sikujificha, naye akanipigapiga begani, akasema ndiyo umri huo. Si umri. Nilimwambia si umri, yule wa jengo la vioo ni rika lako.

Kiongozi wa bendi akaja kumwomba apige matoazi, ili asikae bure. Akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria.

Juzi Jumamosi kulikuwa na harusi mtaani kwetu. Tukasikia bendi inakuja, ngoma kwanza, halafu tarumbeta. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na meza yangu, anavisugua vifungo vya koti ambalo hatalivaa, na midomo yake ikawa inafuata wimbo bila sauti. Nikatoka barazani na pasi mkononi. Wakapita mbele yangu, mstari wote wa mbele, makoti niliyoyanyoosha mwenyewe, vichwa vimeinama, bega juu, tarumbeta zote kwenye shavu la kulia. Ugonjwa wa mume wangu, mtu kwa mtu, kwenye midomo mizima.

"Waache tu, mama," akasema nyuma yangu. "Wameshazoea."

Sikuwaacha. Nilipaza sauti mpaka koo likaniuma.

"Pulizeni katikati, nyie. Meno mnayo."

Kwa zile ngoma hawakusikia neno. Waliona tu mke wa Shaba amesimama barazani anapunga pasi, wakadhani nawashangilia. Wakaniinamia kwa heshima, wakazidisha kupuliza, upande uleule.