Sauti ya Chiriku na Watu Waliohama

Mke wa mwanangu ni fundi wa kuandika programu za simu. Mchana yuko ofisini kwa watu wa bima, jioni anakaa dirishani, kwenye meza yangu ya cherehani, anagonga vitufe mpaka kuku wa jirani wanadhani mvua imeanza na kukimbilia bandani. Ni mwembamba, mkaidi, na chai yake huiacha ipoe mpaka inzi waogelee. Nampenda, ingawa simwambii, asije akavimba kichwa.

Binti yao tunamwita Chiriku, kwa sababu hasemi. Kusikia anasikia, fungua pipi chumba cha tatu uone. Ila madaktari walisema ulimi wake hautaifuata akili yake. Basi mama yake akaamua kumtengenezea sauti: programu yenye picha. Chiriku akibonyeza picha ya bilauri, simu inasema, "Nataka maji." Akibonyeza ya mlango wa choo, simu inasema anachotaka, bila haya.

Sauti iliyorekodiwa ni yangu. Wengine walikuwa kazini, mimi ndiye niliyekuwa na nafasi na koo. Enzi zangu nilimwita mume wangu kutoka jikoni, ndege wakadondoka mtini mabawa yamekufa ganzi. Kwa hiyo siku ya kwanza darasani, Chiriku alipobonyeza "Nimechoka", mwalimu aliinama kutafuta kikongwe chini ya dawati. Nilichomekea na maneno yangu mawili matatu, mkwe akiwa bafuni. Mojawapo ni "Hebu niondokee hapa." Chiriku alilipenda kuliko yote.

Mkwe alinieleza kazi yenyewe. "Mama, zamani ungeandika programu mara mbili. Simu hizi za bei nafuu kivyake, zile za ghali kivyake. Siku hizi kuna viunzi, mifupa ya programu iliyokwisha kuundwa. Unaandika mara moja, inafunguka kotekote."

"Kama gauni linalonitosha mimi na yule jirani yetu aliye kama ufagio."

"Hilohilo, Mama. Na wewe halikubani."

Viunzi viko vingi. Wenzake ofisini walimshauri achukue kingine, yeye akachagua chenye watu wengi. Maana kiunzi, alisema, ni watu: maelfu wasiojuana, kila mmoja kwao, wanatengeneza vipande na kuvigawa bure, huyu kipande cha ramani, yule cha kamera. Ukikwama unauliza barazani kwao, humo mtandaoni, kabla hujameza mate umejibiwa.

"Na wanataka nini? Mimi hata chumvi jirani hanipi bure."

"Hawataki kitu, Mama. Wanapeana nyota za sifa, humohumo mtandaoni."

Nilicheka mpaka jino langu la mwisho likalegea.

Kipande cha kutoa sauti alikichukua kwa mtu asiyemjua, anayejiita Popo. Kikafanya kazi vizuri. Wazazi wengine wenye watoto kama wetu wakasikia, wakaomba, akawapa. Simu za kila aina, mtaa kwa mtaa, zikawa zinaongea kwa koo langu. Nilitembea kifua mbele kama mwimbaji wa redioni.

Kisha watu wakaanza kuhama. Kilitokea kiunzi kingine, kipya, kinachong'aa. Waliokuwa wakijibu maswali wakaenda huko, wenye vipande wakaacha kuvitazama. Hakuna aliyegombana na mtu. Barazani pakapoa tu, kama harusini wapishi wakishaondoka. Mkwe aliliona hilo, lakini programu ilikuwa inaenda, na kuiandika upya ni kama kubomoa nyumba mkiwa mmelala ndani.

Asubuhi moja tukakuta simu ya Chiriku imejisasisha yenyewe ikiwa kwenye chaji. Picha zote zipo. Akabonyeza bilauri. Kimya. Akabonyeza tena, akaigeuza simu, akachungulia nyuma yake, kana kwamba sauti imejificha huko.

Mkwe akapekua, akasema simu imepata mfumo mpya, na mfumo huo hauelewani na kipande cha Popo.

"Si uurudishe wa zamani?"

"Haurudi, Mama. Simu ikishavuka imefunga mlango."

Akamtafuta Popo. Popo alikuwa ameshaaga kitambo: amechoka, anayetaka kipande akichukue akitunze mwenyewe. Chini ya maneno yake watu wamepanga foleni, mkwe akanisomea. "Mimi pia nina tatizo hili. Kuna aliyepata dawa?" "Mimi pia." "Mimi pia."

"Wote hao wanalia, hakuna hata mmoja wa kushika nyundo?"

"Wanaojua kuishika wamehama, Mama."

"Na wewe?"

"Mimi najua kukitumia. Kukitengeneza, kinaingia ndani kabisa ya simu, huko sijawahi kufika."

Alijaribu hata hivyo. Macho yakawa mekundu, chai ikaota utando. Akauliza kwa wale wa kiunzi kipya, wakamjibu upesi, kwa upole na vikatuni vya kucheka: hamia huku, dada. Atahamia, afanyeje? Lakini watu wa bima hawamngoji, na kwa jioni zake hizo, alisema, mwaka wa shule utaisha kabla hajamaliza.

Huku wazazi wanapiga. "Dada, mwanangu amenyamaza." Anawajibu analishughulikia, akikata simu analaza paji la uso mezani. Tuliazima simu kuukuu ambayo haijasasishwa. Ikasema vizuri, tukashangilia, kisha betri ikavimba kama chura, ikafa.

Jana Chiriku alirudi shuleni gauni limelowa mpaka soksi. Alikuwa ameubonyeza ule mlango wa choo, akaubonyeza tena, na mwalimu yuko ubaoni amelipa darasa mgongo. Wenzake walimcheka. Mama yake alimwogesha, akafua soksi. Na mimi, mwenye kisa cha kila msiba, sikupata hata uongo mmoja wa kumchekesha.

Baadaye akaja kuketi ubavuni mwangu na simu yake. Akabonyeza picha ya uso unaolia. Nikaiona, nikamsemea: "Nina huzuni." Sauti ileile, maneno yaleyale. Akatikisa kichwa. Akabonyeza tena. Nikasema tena, taratibu, kama nilivyorekodi.

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya sabuni, akaisogeza simu sikioni mwake, akabonyeza, akangoja.