Harrogate ya Kwenye Beseni

Juzi mpishi wangu alisahau mayai jikoni, maji yakakauka, na harufu ikapanda mpaka ofisini kwangu. Wageni walikimbilia madirisha. Mimi nilifunga mlango nikalia. Ndiyo, mimi, mwenye nyumba ya wageni hapa mtaa wa Observatory, kusini mwa Afrika, na diploma ya hoteli kutoka Uingereza, niliyoilipia kwa jasho langu bila kumpigia mtu magoti.

Harufu ile ilikuwa ya asubuhi za baba.

Tulikaa Hillbrow, mtaa wa maghorofa katika jiji hilihili, juu ghorofani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama alikwisha fariki. Baba, mtu wa Tanga, alilinda usiku nyumba ya bibi mmoja Mwingereza, na kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilikataza mlinzi kuketi. Alirudi miguu imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Niliogopa kwamba siku moja atashindwa kusimama, kazi iishe, tubaki tunatazamana.

Bibi yule alizaliwa Harrogate, mji wa maji ya dawa kaskazini mwa Uingereza. Alimwambia baba kwamba miguu ya namna ile kwao ilitibiwa kwa maji yenye salfa, yanayonuka kama mayai viza. Baba aliamini mara moja, maana kwao Tanga pia kuna chemchemi ya moto inayonuka vivyo hivyo, na wagonjwa huenda kuoga. Akanunua unga wa salfa duka la dawa, akauchanganya na magadi, na kila asubuhi kabla sijaenda shule nilimchemshia maji nikayamimina kwenye beseni, taratibu, kama mhudumu wa kifalme.

Jirani yetu Mama Furaha, msusi kutoka Kongo, aligonga mlango kwa ngumi.

"Baba Rukia! Munapika nini mule? Batoto bangu banatapika!"

"Karibu Harrogate, Mama Furaha. Leo hatutozi kiingilio."

"Harrogate gani ya kunuka hivi? Eish! Peleka miguu hospitali!"

Baba alicheka tu. Foleni ya hospitali ilikula siku nzima, na mchana ndio uliokuwa usiku wake.

Miguu ikiwa majini, alinisimulia mji ule kana kwamba alikuwa na nyumba huko. Jumba lenye kuba juu ya kisima. Mabwana na mabibi wakipanga mstari asubuhi, wakinywa maji machungu kwa nyuso zilizokunjamana huku bendi ikiwapigia muziki. Bafu za mvuke zenye vigae vya rangi. Uwanja mpana wa nyasi ambapo hakuna tajiri aliyeruhusiwa kujenga.

"Ukisoma utanipeleka," alisema.

"Kwa ndege, baba."

"Nikae dirishani?"

"Dirishani."

Asubuhi moja ya baridi maji yalipoa kwenye beseni. Baba alikuwa ameanguka getini kwa bibi yule, hakuamka. Daktari alisema ulikuwa moyo. Ugonjwa ulianza huko, miguu ilitoa taarifa tu.

Nilisoma. Niliosha vyombo vya watu mpaka kucha zikalainika, na nilipochagua chuo nilichagua cha Harrogate. Nilikuta kila kitu kama alivyosema: kuba, vigae, nyasi zile pana zikichanua maua ya zambarau mwisho wa baridi. Nilitembea peke yangu nikijisikia nimeshinda.

Kisha siku moja mwalimu wetu akatufundisha historia ya mji. Wagonjwa wale, alisema, walikaa wiki nyingi. Walinywa glasi yao, wakatembea polepole, wakalala mchana, wakapikiwa chakula chepesi, na hakuna aliyewadai kazi yoyote. Maji huenda hayakufanya makubwa. Wengi walipata nafuu kwa sababu walipumzika.

Wenzangu waliandika. Mimi nilinyoosha mkono, nikaomba kutoka.

Nilikuwa nimempa baba maji, kwa moyo wangu wote. Naye aliyapokea kwa furaha kila asubuhi, akinisifu, akijua kwamba jua likizama atakwenda kusimama tena.